Shajara ya mradi: nyumba ya enzi za wafalme George, kaskazini mwa Dublin

Februari: kabla ya kugusa kitu

Nyumba ina ghorofa nne juu ya ghorofa moja iliyozama chini ya usawa wa barabara. Kwa upana ina madirisha matatu, na kuta zake mbili za pembeni inazichangia na majirani. Mbele ni matofali mekundu. Nyuma ni matofali ya bei nafuu yaliyochanganywa na calp, jiwe jeusi la chokaa linalochimbwa Dublin kwenyewe. Ngazi za mlangoni na vizingiti vya madirisha ni graniti. Ni jengo la miaka ya 1790, enzi ya wafalme wanne wa Uingereza wa jina la George waliofuatana kuanzia 1714 hadi 1830.

Ukisimama ng'ambo ya barabara utaona madirisha ya ghorofa ya kwanza ndiyo marefu kuliko yote, kisha yanapungua kimo kadiri unavyopanda, na yale ya juu kabisa yanakaribia mraba. Kwa nje, mapambo ya nyumba ya aina hii ndiyo hayo tu: vipimo, mlango wenye nguzo, na kioo cha nusu duara juu yake. Fedha iliyobaki ilimwagwa ndani, kwenye lipu.

Aliyeijenga hakuwa na nia ya kukaa humo. Mwenye ardhi alikata viwanja, akavipangisha kwa mikataba ya miaka mingi, na waashi, maseremala au mafundi lipu wenyewe wakajenga nyumba moja, mbili au tatu za kuuza. Hivyo ndivyo Luke Gardiner alivyoanzisha Henrietta Street katika miaka ya 1720, na ndivyo familia ya Fitzwilliam ilivyofungua Merrion Square mwaka 1762. Ndiyo maana nyumba zinazoonekana pacha zina paa zisizolingana kimo, na ndiyo maana pia tunakuta kazi nzuri sana mbele na kazi ya haraka mahali pasipoonekana. Hili la pili ndilo litakalotusumbua hadi mwisho wa mradi.

Bunge la Ayalandi lilivunjwa kwa Sheria ya Muungano iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1801. Matajiri wengi walihamia London, nyumba zao zikawa ofisi za mawakili, kisha za kaskazini mwa mto Liffey zikagawanywa vyumba vya kupangisha maskini. Nyumba namba 14 ya Henrietta Street ilikuwa na watu 100 katika sensa ya 1911. Tangu 2018 ni makumbusho. Mwaka 1913 nyumba za Church Street ziliporomoka na kuua watu 7. Mwaka 1963 zikaporomoka nyingine, Bolton Street na Fenian Street, watu wanne wakafa, na halmashauri ikaanza kubomoa kwa hofu. Nyumba 16 za Lower Fitzwilliam Street zilibomolewa mwaka 1965 kwa ajili ya ofisi za shirika la umeme, na mstari wa nyumba za enzi za wafalme George uliokuwa mrefu kuliko wowote mjini ukakatika. Kila nyumba iliyobaki ina thamani kubwa kuliko ilivyokuwa zilipokuwa nyingi.

Kisheria, jengo limo katika orodha ya majengo yaliyolindwa chini ya Sheria ya Mipango na Maendeleo ya mwaka 2000. Ulinzi unafika ndani: ngazi, meko, milango, nakshi za dari, hata uwanja na chumba cha makaa. Kifungu cha 57 kinampa mwenye nyumba nafasi ya kuomba tamko la maandishi linaloeleza kazi zipi zinahitaji kibali na zipi hazihitaji, na halmashauri ina wiki 12 za kujibu. Tunashauri tamko liombwe kwanza, hata kwa kazi ndogo. Kupaka rangi ukuta wa matofali ambao haukuwahi kupakwa ni jambo dogo machoni pa fundi, lakini linabadilisha sura ya jengo, na hilo linahitaji kibali.

Ukaguzi wa awali umefanywa kuanzia juu kwenda chini, na kazi itafuata mpangilio huohuo. Maji yakiendelea kuingia kwa juu, fedha utakayotumia chini ni ya kutupa.

Machi: paa na mifereji ya risasi

Kutoka barabarani paa halionekani. Limefichwa nyuma ya ukuta mfupi wa ukingo. Ukipanda unakuta migongo miwili yenye bonde katikati. Maji ya mteremko wa mbele huangukia mfereji ulio nyuma ya ukingo, kisha yanapitishwa ndani ya dari, kwenye sanduku la mbao lililotandikwa bati la risasi, ile metali laini na nzito, hadi kwenye bonde na kutokea nyuma. Sanduku hilo ni sehemu ya hatari kuliko zote katika nyumba hii. Kiota kimoja cha njiwa kikiziba mdomo wake, maji hujaa na kumwagikia dari la chumba cha juu bila dalili yoyote nje.

Vigae vya jiwe ni vya buluu kutoka Wales. Vingi bado vizima. Kilichokufa ni misumari ya chuma iliyovishikilia. Kila kigae kilichoteremshwa kiligongwa kwa kifundo cha kidole: kizima hutoa mlio wa kengele, chenye ufa hutoa mlio mfu. Vizima vinarudi mteremko wa mbele kwa misumari ya shaba, na vya kununua vinakwenda ndani ya bonde ambako havionekani.

Risasi ndiyo iliyotuchukua muda. Iliyokuwepo ilitandazwa kwa vipande virefu mno, na kila kimoja kilikuwa na nyufa za kuvuka, karibu katikati. Sababu ni joto. Risasi hutanuka takriban milimita 0.03 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kati ya usiku wa baridi na jua kali la kiangazi bati linaweza kupita tofauti ya nyuzi 60, kwa hiyo kipande cha mita 2.5 kinasogea zaidi ya milimita 4, na cha mita 5 kinasogea karibu 9. Kikibanwa kinakunjamana mahali pamoja mwaka hadi mwaka mpaka kinapasuka. Fundi aliyetangulia aliziba nyufa kwa lami, lami ikashikana na risasi na kuibana zaidi.

Tumetumia bati la namba 7, unene wa milimita 3.15, lenye uzito wa kama kilo 36 kwa mita ya mraba, hivyo kulibeba juu kunahitaji winchi. Hakuna kipande kinachozidi mita 2.5. Mteremko ni angalau 1 kwa 80, na kati ya kipande na kipande kuna ngazi ya milimita 50 ili bati la juu lilalie la chini bila kuchomelewa. Chini yake kuna mbao zilizoachiwa mianya ya kupitisha hewa na kitambaa cha kutenganisha, kwa sababu mvuke unaogeuka matone upande wa chini huila risasi polepole na kuacha unga mweupe. Kuongeza ngazi kulilazimu kuinua kitako cha mfereji kwa upande mmoja. Kabla ya kukata chochote, hesabu vimo kutoka kwenye tundu la kutokea maji kurudi nyuma; ukianza mwisho wa juu utajikuta huna nafasi.

Kwenye sanduku la ndani tumeongeza tundu la dharura linalotokeza nje kupitia ukuta wa nyuma. Likianza kumwaga maji uani, mwenye nyumba anajua mfereji umeziba kabla dari halijaloa.

Aprili na Mei: mbao zilizozikwa ukutani

Hapa ndipo ile kazi ya haraka ya miaka ya 1790 inapojitokeza. Waashi walilaza mbao ndefu ndani ya kuta ili kuzifunga wakati chokaa ikiwa bado mbichi, na nyuma ya kila tao la matofali juu ya dirisha kuna linta ya mbao. Mbao hizo zikibaki kavu hukaa karne mbili bila shida. Zikiloa huoza na kubonyea, na matofali yaliyo juu yake hutafuta pa kukaa. Ukuta wa mbele umefura kwa nje kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na timazi imeonyesha milimita 38.

Tatizo jingine ni kwamba ngozi ya mbele haikufungwa vizuri na matofali ya ndani. Mwashi alitaka sura ya kichwa na ubavu kwa zamu, lakini matofali mazuri yalikuwa ghali, kwa hiyo vichwa vingi ni nusu tofali lisilofika ndani. Ukuta wenyewe nao haukusukwa pamoja na kuta za majirani, umeegemezwa tu.

Linta zilizooza zimetolewa moja moja, kamwe hazikutolewa mbili za jirani kwa pamoja, na kila ilipotolewa moja paliwekwa nguzo za kubeba mzigo kwa muda. Zilizowekwa ni za mwaloni uliokauka. Ngozi ya mbele imeshonwa kwa vyuma vya pua vilivyosokotwa, vya milimita 6, vilivyolazwa ndani ya mishono, yaani mistari ya chokaa kati ya matofali, iliyochimbwa kina cha milimita 40. Kwenye pembe vyuma virefu zaidi vimeingia katika kuta za pamoja. Hatukujaribu kuurudisha ukuta mahali pake pa zamani. Umetulia katika umbo hilo, na kuusukuma kungevunja matofali ambayo hayana mbadala.

Kwenye dari la juu, karibu na lile sanduku la maji, palikuwa na ukungu unaokula mbao, ule unaoacha mbao zimekatika vipande vya mraba na kutandaza nyuzi za kijivu juu ya lipu. Desturi ya zamani ni kukata mita nzima kupita dalili ya mwisho na kumwaga dawa kila mahali. Katika nyumba iliyolindwa, kufanya hivyo ni kutupa mbao nzuri za msonobari wa Baltiki ambazo leo hazinunuliki. Ukungu huo hauishi bila maji. Tumekata hadi kwenye mti mgumu tu. Ncha mpya za boriti zimeungwa kwa bamba za chuma cha pua na bolti za milimita 12, na kila ncha iliyoingia ukutani imeachiwa nafasi ya milimita 25 pande zote ipumue. Kipimo kinachukuliwa kila mwezi. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 20 na kubaki hapo, ukungu umekwisha.

Juni: ukuta wa mbele

Wakati fulani katika karne ya 20 mishono yote ya mbele ilizibwa kwa saruji. Tofali la wakati huo ni laini na hunywa maji, na chokaa iliyo katikati yake ni laini zaidi, kwa hiyo unyevu ulizoea kutokea kwenye mishono. Saruji imeufungia njia. Sasa unatokea kwenye uso wa tofali, chumvi inagandia humo, baridi kali inamalizia, na uso unabanduka kama maganda ya kitunguu. Msomaji wa Zanzibar au Lamu anaujua ugonjwa huu: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hupanda nyuma yake na lipu huanguka kwa mabamba. Dawa ni ileile huku na kule, kutoa saruji na kurudisha chokaa.

Kuitoa ndiyo kazi ngumu. Mishono ya mbele ina upana wa milimita 6 hadi 8. Grinda ikiteleza mara moja imekata kingo za matofali mawili, na alama hiyo haifutiki. Tunatoboa safu ya matundu madogo katikati ya mshono kudhoofisha saruji, kisha tunaing'oa kwa patasi nyembamba na nyundo, hadi kina cha milimita 25. Matofali yaliyobanduka uso tunayatoa mazima na kuyageuza. Mara nyingi upande wa nyuma haujaguswa na mvua tangu ulipotoka tanuruni.

Uzibaji wa kwetu Dublin una mtindo wake, unaoitwa wigging, na mafundi wanaoujua ni wachache. Kingo za matofali haya hazikunyooka, na mteja wa karne ya 18 alitaka ukuta uonekane umejengwa kwa rula. Hatua zake ni hizi. Mshono uliosafishwa unaloweshwa, kisha unajazwa chokaa nyeupe iliyochanganywa na mchanga laini hadi itokeze kidogo nje ya uso wa matofali. Ikianza kukaza, rula inalazwa juu yake na kisu kinakata juu na chini, ukabaki utepe mmoja ulionyooka wa milimita 4 au 5. Kisha mchanganyiko wa pili, uliotiwa rangi ifanane na tofali, unajazwa juu na chini ya utepe hadi usawa wa matofali, ukifunika kingo zote zilizomeguka. Ukiwa hatua chache tu unaona matofali yaliyonyooka kabisa yenye mistari myembamba myeupe. Ukiweka pua ukutani ndipo unaona tofali halisi linaishia wapi na rangi inaanzia wapi.

Mchanganyiko wa kujazia ndani ni sehemu 1 ya chokaa ya asili inayokazwa na maji, daraja la 2, kwa sehemu 2½ za mchanga wenye chembe za ukubwa mbalimbali. Rangi ya mchanganyiko wa pili ilijaribiwa kwenye eneo la nusu mita ya mraba na kuachwa ikauke kabisa kabla ya kuamua, kwa sababu chokaa mbichi ni nyeusi kuliko kavu. Vinavyoharibu kazi ni viwili. Tofali kavu hunyonya maji ya chokaa na kuiacha unga; na baridi chini ya nyuzi 5 huizuia kukaza. Ndiyo maana ukuta umepangiwa Juni, na magunia mabichi yananing'inia kwenye jukwaa kwa siku kadhaa baada ya kila sehemu kukamilika.

Julai: madirisha

Kila dirisha ni fremu mbili zinazopanda na kushuka ndani ya sanduku, zikisawazishwa na vyuma vizito vinavyoning'inia kwa kamba juu ya kapi. Lenye vioo sita juu na sita chini ndilo la kawaida. Vijiti kati ya vioo vilikuwa vinene mwanzoni mwa karne ya 18, karibu milimita 40, na kufikia miaka ya 1790 vilikuwa vimekondeshwa hadi 15 au 16. Kipimo hicho peke yake kinatosha kumwambia mkaguzi kwamba madirisha mawili ya nyuma yaliwekwa baadaye.

Vioo vya zamani tunavilinda kuliko kitu kingine chochote cha nje. Vilipulizwa kuwa puto, kisha vikazungushwa hadi vikatandaza sahani kubwa nyembamba, na vipande vikakatwa humo. Vitazame kwa pembeni: mistari hafifu ya tao inaonekana, na jengo la ng'ambo linatetemeka ndani yake. Kioo kipya cha kiwandani ni bapa kama maji ya ndoo, na ukuta mzima unapoteza uhai kikiingia. Pati ngumu, ile inayoshika kioo kwenye fremu, tunailainisha kwa mvuke au taa ya joto. Ukiipiga patasi kavu umevunja kioo cha miaka 230.

Uozo uko karibu kila mara mahali pamoja: kiungo cha chini cha fremu ya chini, pale pati ilipopasuka na maji yakatulia. Hukatwa kwa mshazari, kikaungwa kipande cha msonobari mkongwe. Pati mpya ni chaki na mafuta ya kitani, na rangi inaipita pati na kugusa kioo kwa milimita 2 ili kuziba mwanya.

Mizani inasumbua wengi. Pima fremu ikiwa na vioo vyake na rangi. Kwa fremu ya juu, jumla ya vyuma viwili izidi uzito wa fremu kwa nusu kilo hivi, ili ikae imefungwa. Kwa ya chini ipungue kiasi hicho, ili itulie kwenye kizingiti. Dirisha lisilobaki wazi lilipoachwa huwa limeongezewa kioo kizito bila kubadilishiwa vyuma.

Vioo viwili-viwili vya kisasa havitoshi kwenye vijiti vya milimita 15, na kibali chake kisingepatikana. Badala yake tumefungua vibao vya ndani vilivyokunjwa pembeni mwa kila dirisha, ambavyo vilikuwa vimepigwa misumari na kupakwa rangi. Vikifungwa usiku hupunguza zaidi ya nusu ya joto linalopotea kupitia kioo. Vilikuwepo humo miaka yote.

Agosti: dari na ukumbi

Dari ni lipu ya chokaa juu ya fito. Lipu mbichi ilisukumwa ipenye kati ya fito na kujikunja upande wa juu. Ndoano hizo ndizo zinazobeba kila kitu. Zikivunjika, dari linashuka kidogo na nakshi inapasuka pembeni. Linasukumwa taratibu kwa kiganja: likicheza, ndoano zimekwisha hapo. Katika chumba cha mbele cha ghorofa ya kwanza tumeinua mbao za sakafu ya juu, tukanyonya vumbi, tukafunga dari kwa skrubu za pua zenye washa pana, na kumwaga safu mpya ya lipu upande wa mgongo. Kwa chini hakuna kilichobadilika zaidi ya nyufa kuzibwa.

Palipoanguka kabisa tumepiga lipu tatu: mbili za nywele za mbuzi zenye unene wa kama milimita 9 kila moja, na ya mwisho ya milimita 3 bila nywele. Nywele zinatosha pale unapoinua lipu kwa mwiko na kuziona zinaning'inia ukingoni kote, zimekaribiana. Zisitiwe siku nyingi mapema ndani ya chokaa mbichi, maana chokaa itazila.

Ukumbi wa kuingilia ulileta mjadala mrefu. Chini ya rangi ya plastiki kuna tabaka za rangi ya chaki, nyekundu chini na buluu juu, zilezile zilizoonekana Henrietta Street, enzi za wapangaji. Buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Mshauri mmoja alitaka tukwangue hadi kijivu cha miaka ya 1790. Tumekataa. Familia za wapangaji zimeishi humu muda mrefu kuliko mabwana waliojengewa, na hakuna sababu ya kufuta ushahidi wao ili kupata rangi ya kukisia. Plastiki imetolewa kwa kemikali ya kulainisha bila kukwangua, kwa sababu chini kuna rangi ya risasi na vumbi lake ni sumu. Nyekundu na buluu zimeachwa wazi ukuta mmoja, na kuta nyingine zimepakwa chokaa inayoweza kuondolewa.

Ngazi kuu ilihitaji kabari mpya kwa chini tu.

Septemba: yaliyobaki

Bomba la chuma la maji ya mvua upande wa nyuma, kabla ya Novemba. Vizuizi vya chuma mbele ya shimo la ghorofa ya chini: vimeshindiliwa kwenye graniti kwa risasi, na kutu imepasua mawe mawili. Chumba cha makaa chini ya njia ya miguu kinavuja kupitia tao lake, na kazi hiyo lazima ifanywe kwa juu, kwa hiyo kibali cha kufunga njia kimeombwa kwa majira ya kuchipua. Mpaka hapo mlango wake unaachwa wazi upate hewa, na hakuna atakayepaka kitu kuta zake kwa ndani.